Mbwa na paka wasiotibiwa ni hasara kwa mfugaji

MFUGAJI akiulizwa ana mifugo mingapi, atataja ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wake. Mbwa anayelala nje ya zizi na paka anayewinda panya ghalani hawamo kwenye hesabu hiyo. Hawauzwi mnadani, hawachinjwi wala hawatoi maziwa, hivyo wengi huona kuwatafutia chanjo na dawa ni kutupa fedha.

Hata hivyo, wanyama hao wawili wana kazi wanayoifanya kila siku. Mbwa ndiye anayebweka fisi au mwizi anaposogelea zizi usiku, na ndiye anayefuatana na wachungaji malishoni. Paka hupunguza panya wanaotoboa magunia ya mahindi na mpunga. Wakiugua, kazi hiyo husimama. Zaidi ya hapo, baadhi ya magonjwa yao huingia kwa mifugo mingine na kwa watu wa nyumbani, na hapo ndipo hasara inapozidi mbali gharama ya kinga.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na ugonjwa huo, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaotumwa kuchunga.

Dalili zikishajitokeza, kwa mtu au kwa mnyama, tiba ya kuuponya hakuna. Njia iliyopo ni kuuzuia kabla haujafika hapo.

Mfugaji anapaswa kujua pia kwamba kichaa hakiishii kwa mbwa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda waking'atwa na mbwa mgonjwa nao huugua na kufa. Ng'ombe mwenye kichaa hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza na sauti yake hubadilika. Wafugaji wengi wakiona hivyo hudhani amekwamwa na kitu kooni, wakaingiza mkono mdomoni kukitoa. Huo ni mtego wa hatari, kwani virusi vya ugonjwa huo viko kwenye mate na huweza kupenya kwenye michubuko ya mkono. Ng'ombe wa namna hiyo atengwe na aitwe ofisa mifugo.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali akaanzishiwe chanjo siku hiyo hiyo. Kupaka majivu, mafuta au dawa za kienyeji ni kupoteza muda. Chanjo hiyo hutolewa kwa awamu, hivyo mgonjwa hulazimika kurudi tena na tena, na haipatikani katika kila zahanati. Nauli za safari hizo, siku za kazi zinazopotea na gharama ya chanjo yenyewe vimewafanya wengine wauze mbuzi au ng'ombe. Wakati huo huo, mbwa aliyemng'ata angeweza kuchanjwa kwa sindano moja.

Wengi humuua mbwa aliyemng'ata mtu na kumfukia. Kama mbwa huyo anaweza kufungwa mahali salama bila kumhatarisha mtu, ni vizuri zaidi afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, maana yake hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Akifa, au ikilazimu auawe, ofisa mifugo ajulishwe ili kichwa kipelekwe maabara. Majibu hayo humsaidia daktari wa binadamu, lakini mgonjwa asisubiri majibu ndipo aanze chanjo.

Sababu ya kuchanja kijiji kizima

Wataalamu wanashauri angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wawe wamechanjwa. Idadi hiyo ikifikiwa, mbwa mgonjwa hukutana zaidi na mbwa wenye kinga, na ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Ndiyo maana mfugaji aliyechanja mbwa wake wawili hajawa salama kama mbwa wa majirani hawajachanjwa.

Kisiwa cha Pemba ni mfano mzuri. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliumaliza ugonjwa huo kisiwani ilipofika mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena, na ikachukua takriban miaka miwili ya kazi kuutokomeza kwa mara ya pili. Funzo lake ni kwamba kichaa kinaweza kumalizwa hapa hapa kwetu, lakini uchanjaji ukilegea kinarudi.

Kila tarehe 28 Septemba, tangu mwaka 2007, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi hutumia siku hiyo kuchanja. Wafugaji wasiache kufuatilia matangazo ya halmashauri zao. Mbwa na paka huchanjwa wakiwa na umri wa kuanzia miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa ratiba atakayoandika mtaalamu. Katika kampeni, hata watoto wa mbwa wa umri mdogo zaidi wapelekwe.

Minyoo ya mbwa inayoua kondoo

Hasara nyingine huja kimya kimya. Mbwa huweza kuishi na minyoo aina ya tegu tumboni bila kuonekana mgonjwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake na kuangukia kwenye majani. Kondoo na mbuzi wakila majani hayo, mayai huanguliwa na viluwiluwi vyake kusambaa mwilini.

Aina moja ya tegu hao hupeleka viluwiluwi kwenye ubongo, ambako hujenga vifuko vya maji. Kondoo huanza kuinamisha kichwa upande mmoja, kuzunguka mahali pamoja, kupoteza uwezo wa kuona na kubaki nyuma ya kundi. Wafugaji wa Kimasai huuita ugonjwa huo ormilo. Mnyama aliyefikia hali hiyo huishia kuchinjwa au kufa.

Aina nyingine hujenga vifuko vya maji kwenye maini na mapafu. Nyama hizo hutupwa machinjioni na mwenye mnyama akapata pungufu. Ubaya zaidi, binadamu naye huweza kuyameza mayai hayo na kuota vifuko hivyo tumboni, ambavyo mara nyingi huhitaji upasuaji. Eneo la Turkana nchini Kenya lilijulikana sana kwa ugonjwa huo, hata mpango maalumu wa kuudhibiti ukaanzishwa huko katika miaka ya 1980.

Mzunguko huo hukatwa sehemu mbili. Kwanza, mbwa asipewe vichwa, maini wala mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa au kufa. Viungo vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu asiloweza kulifukua, na vingine vichemshwe kabisa kabla ya kupewa. Pili, mbwa apewe dawa yenye prazikwanteli, ambayo huua tegu. Dawa nyingi za kawaida za minyoo huua minyoo ya duara tu, hivyo mnunuzi aulize dukani na kusoma maandishi ya pakiti.

Kwa mbwa wanaoishi na kondoo na mbuzi, kuwapa dawa hiyo kila baada ya wiki sita huwaondoa tegu kabla hawajakomaa na kutaga. Chukua mfano wa mfugaji mwenye mbwa watatu. Kwa mwaka atahitaji takriban dozi 26. Ajumlishe bei ya dozi hizo katika duka la karibu naye, kisha ailinganishe na bei ya kondoo anaowapoteza kwa kizunguzungu kila mwaka. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia kama dawa ya mbwa ni gharama au ni akiba.

Ng'ombe na mbuzi kutupa mimba

Ng'ombe anapotupa mimba, wengi hufikiria ugonjwa wa kutupa mimba unaotokana na bakteria wa brusela. Upo pia ugonjwa wa neospora, ambao mbwa huubeba na kuutoa kwa kinyesi. Mbwa hupata vijidudu hivyo kwa kula kondo la nyuma au ndama aliyetupwa, na ng'ombe huvipata kwa kula pumba au majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha mbwa. Ng'ombe akishaambukizwa, huweza kumrithisha ndama wake.

Paka naye hubeba vijidudu vya toksoplasma, vinavyosababisha mbuzi na kondoo kutupa mimba, na ni hatari kwa mama mjamzito. Hii si sababu ya kumfukuza paka, kwani akiondoka panya watarudi ghalani. Dawa yake ni usafi: chakula cha mifugo kifunikwe, mbwa na paka wasilale juu ya pumba au majani makavu, na kondo la nyuma lifukiwe mara tu mnyama anapozaa. Mjamzito asishike kinyesi cha paka, na nyama ipikwe hadi iive.

Watoto wa mbwa

Wengi wanaonunua mtoto wa mbwa kwa ajili ya ulinzi humpoteza kabla hajafikisha miezi sita. Muuaji mkubwa ni parvo, ugonjwa unaoleta kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi, hivyo atakayeletwa baadaye kwenye banda lile lile naye hufa. Mwingine ni distempa, unaoanza kwa homa, makamasi na matongo, kisha kumfanya mbwa ashtuke-shtuke na kuanguka kifafa. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na mlipuko huo.

Magonjwa yote mawili yana chanjo. Huanza mtoto wa mbwa akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Anayenunua mbwa adai kadi ya chanjo. Anayeuza naye ajue kwamba mbwa mwenye kadi iliyojazwa humpa mnunuzi sababu ya kulipa zaidi.

Makosa ya dawa

Baadhi ya wafugaji hutumia dawa za ng'ombe kwa mbwa na paka kwa kukisia kipimo. Ng'ombe ana mamia ya kilo na paka ana kilo tatu au nne, hivyo kosa dogo la kipimo ni kifo. Yafuatayo yaepukwe:

Dawa za kupe na viroboto zenye permethrini zisipakwe kwa paka, hata kama pakiti inasema ni za mbwa. Huwaua.

Vidonge vya parasetamoli vya binadamu visipewe paka kabisa, hata kipande.

Sumu ya panya isiwekwe ghalani penye paka, kwani paka akimla panya aliyekula sumu naye huweza kufa.

Dawa ya sindano ya minyoo ya ng'ombe isichomwe kwa mbwa bila ya maelekezo ya daktari wa mifugo.

Mbwa anayepauka ufizi, kukosa hamu ya kula au kukojoa mkojo mwekundu baada ya kushambuliwa na kupe apelekwe kwa daktari mapema. Homa za kupe hutibika zikiwahiwa.

Nafasi ya mwenye duka

Wenye maduka ya dawa za mifugo nao wana sehemu yao. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8, isipokuwa kama mtengenezaji ameelekeza vinginevyo. Duka lisilo na jokofu la uhakika lisiuze chanjo. Badala yake, mwenye duka anaweza kuandikisha wateja na kumwita mtaalamu aje na chanjo siku moja maalumu. Siku hiyo huuza dawa za minyoo na za kupe, na mteja akiona mbwa wake wamepona atarudi.

Kuhasi

Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wasio na mwenyewe huishia majalalani, na hao ndio wasiofikiwa na chanjo. Kuhasi dume na kumfunga uzazi jike hufanywa na daktari wa mifugo kwa ganzi au usingizi. Jike aliyefanyiwa hivyo pia huepuka ugonjwa wa usaha kwenye mji wa mimba, unaoua mbwa wengi waliozeeka.

Mfugaji anayetaka kuanza hahitaji kufanya yote siku moja. Aanze na chanjo ya kichaa kwa kila mbwa na paka, afuatishe dawa ya tegu, kisha aandike tarehe zote kwenye daftari lile lile analoandikia chanjo za ng'ombe na kuku. Kwa ushauri zaidi, amwone ofisa mifugo wa kata yake au daktari wa mifugo wa wilaya.