Kanda za Mama na Hospitali ya Malaika

Wanachama wengi wa klabu yetu wakizungumzia tamthilia za hospitali hutaja Grey's Anatomy. Sisi ndugu wawili tumekulia nyingine, ambayo kila tukiitaja watu hutuuliza, "Ipi hiyo?" Inaitwa City of Angels. Ilianza kuonyeshwa na CBS tarehe 16 Januari 2000, na Desemba ya mwaka huohuo ikakatishwa kwa kukosa watazamaji wa kutosha. Zilionyeshwa sehemu 24 tu. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, ila tuliikuta nyumbani, katika kanda za video za Mama.

Mama alifika Marekani kutoka Tanga mwaka 1999. Alikuwa akitunza wazee zamu ya usiku, na mchana akisomea uuguzi. Saa za kipindi zilimkuta kazini, kwa hiyo aliitegesha deki irekodi. Akirudi asubuhi, anatazama huku anakunywa chai, viatu bado viko miguuni.

Mwaka huo Mama alifika ndio mwaka chama cha NAACP kilipolalamika kwamba kati ya vipindi vipya 26 vya mitandao mikubwa ya televisheni, hakuna hata kimoja chenye mhusika mkuu asiye mzungu. City of Angels ilikuja miezi michache baadaye. Iliundwa na Steven Bochco, Paris Barclay na Nicholas Wootton, na waigizaji wake wengi walikuwa weusi. Blair Underwood aliigiza kama Dk. Ben Turner, daktari wa upasuaji. Vivica A. Fox alikuwa Dk. Lillian Price, mganga mkuu wa Angels of Mercy, hospitali ya umma mjini Los Angeles yenye wagonjwa tele na fedha kidogo.

Lakini Mama hakuwa akiwatazama sana madaktari. Macho yake yalikuwa kwa manesi. Mmoja aliigizwa na Viola Davis, mwingine na Maya Rudolph, kabla dunia haijawajua. Hadi leo Viola Davis akitokea kwenye filamu yoyote, Mama husema, "Yule nesi wangu." Tulipomwambia kwamba mwaka 2017 alipata tuzo ya Oscar, alijibu kwamba yeye alishampa yake zamani.

Tulipofika umri wa miaka sita, saba hivi, deki ilikuwa bado inafanya kazi, na Jumamosi zetu zilikuwa za kanda hizo. Picha ilikuwa inatetemeka, na katikati ya upasuaji tangazo la gari linaingia. Mama alikuwa na mtindo wake: mgonjwa akilalamika, anasimamisha kanda na kutuuliza, "Huyu anaumwa nini? Semeni kwa Kiswahili." Tukisema "anaumwa tumbo", haridhiki. Linanyonga? Limejaa gesi? Anasikia kichefuchefu? Mguu umekufa ganzi au umeteguka? Tulikuwa tunanung'unika, maana tulitaka kujua kama mgonjwa atapona. Hatukujua kwamba tuko darasani.

Tulikuja kulijua mwaka jana, Bibi alipokuja kututembelea. Usiku mmoja alianza kuumwa kifua, na Mama alikuwa zamu. Tukampeleka hospitali sisi wenyewe. Mkalimani wa simu alikuwa bado hajapatikana, daktari akatuomba tumsaidie kuuliza. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, nasikia kichomi, hapa ubavuni." Mmoja wetu akaharakisha kumwambia daktari kwamba kifua kinamwaka moto. Daktari akaanza kuuliza habari za chakula na tindikali ya tumbo.

Hapo mwingine akakumbuka kanda. Mama aliwahi kuisimamisha kutufundisha jambo hilihili: kuchoma ni kwa moto, na pia ni kwa kisu au mwiba. Kiungulia ndicho kinachounguza. Kichomi kinadunga. Tukamuuliza Bibi tena: "Ni kiungulia au ni kichomi?" Akatushangaa kidogo. "Nimesema kichomi. Nikivuta pumzi kinanidunga." Tukasahihisha maneno yetu, daktari akambadilishia vipimo, akapigwa picha ya kifua. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona, na sasa yuko Tanga, anasimulia kwamba wajukuu zake ni madaktari.

Sisi si madaktari. Mmoja anasoma uchumi, mwingine historia. Na tunakiri kwamba Kiswahili chetu kina mashimo: hatuwezi kuzungumzia siasa bila kuchanganya lugha, na barua rasmi zinatutoa jasho. Lakini tunajua kusema mahali panapouma na panavyouma, na walimu wetu watatusamehe tukisema kwamba hilo hatukulipata kitabuni.

Deki yetu iliharibika miaka minne iliyopita, na kanda tisa zimebaki ndani ya sanduku la viatu. Mwanachama au mhadhiri mwenye deki nzima nyumbani atuambie, tutaleta kanda na chai. Sharti ni moja tu: mgonjwa akilalamika, tunasimamisha, na kila mtu anajibu kwa Kiswahili.