Kufundisha Gesi ya Samadi: Kutoka Zizini hadi Ziwa Kivu

Miaka michache iliyopita, katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, nilisimama mbele ya Darasa la Sita katika shule moja nje kidogo ya mji wa Tabora ili kuwaonyesha wanachuo wangu namna ya kufundisha somo la nishati. Nilichora ubaoni mtambo wa gesi ya samadi: shimo, mlango wa kuingizia samadi, mahali pa kutunzia gesi, bomba la kwenda jikoni. Mchoro ulikuwa safi, majina ya sehemu yalikuwa sahihi, na watoto walinakili kwa utulivu. Kipindi kikikaribia kwisha, msichana mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu," akauliza, "ule wa nyuma ya jiko letu mbona hauwaki?"

Sikujua kwamba shule ile ilikuwa na mtambo. Tulitoka nje pamoja. Palikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali, na juu yake kifuniko cha chuma kilicholiwa na kutu kiasi cha kuona nyasi zilizoota ndani. Hatua chache kutoka pale palikuwa na lundo la kuni, ambazo watoto wenyewe huzileta kutoka nyumbani kwa zamu. Niliyajua majina ya sehemu zote za mtambo ule, wala sikuweza kumweleza yule mtoto kwa nini ulikufa. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa, na naliandika kwa ajili ya mwanachuo ambaye kesho atasimama mahali niliposimama mimi.

Tuanze na hewa yenyewe. Methani haina rangi wala harufu. Huzaliwa pale ambapo bakteria wa aina fulani huozesha mabaki ya mimea na wanyama mahali pasipo na oksijeni. Mtoto aliyewahi kuchokoza kwa fimbo matope ya chini ya bwawa ameyaona mapovu yakipanda. Sehemu kubwa ya mapovu yale ni methani. Ng'ombe naye huifanya tumboni, lakini hapa watoto wengi hukosea, na baadhi ya walimu pia: hewa hiyo hutoka zaidi kwa mdomo, mnyama anapocheua na kupiga mbweu, kuliko kwa nyuma. Mbweu wa ng'ombe hatuna namna ya kuutia katika bomba. Samadi yake tunaweza kuitia katika shimo.

Sasa lipo jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naomba mwanachuo alitulie. Methani ikipanda angani hulizuia joto la dunia lisitoke. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani huongeza joto kiasi cha mara 28 ya kilo moja ya hewa ya kaboni. Kwa kipimo cha miaka 20, huzidi mara 80. Ndiyo sababu mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, nchi zaidi ya 100 ziliahidi kwa pamoja kupunguza methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikilinganisha na mwaka 2020. Lakini samadi inayoanguka malishoni na kukauka juani hutoa methani kidogo sana, kwa kuwa oksijeni imeizunguka. Tunapoitia katika shimo lililofungwa, sisi wenyewe ndio tunaoifanya methani izaliwe kwa wingi. Ikichomwa jikoni, tumepata moto na tumeokoa miti. Ikivuja kwa ufa au kwa bomba bovu, tumeongeza madhara ambayo hayakuwapo. Kwa hiyo mwalimu asifundishe kwamba kila mtambo ni faida. Afundishe kwamba mtambo unaovuja ni hasara, na kwamba kuutunza ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Hali ya jaa la taka ni tofauti. Taka za mji zilizofukiwa hutoa methani hata kama hakuna aliyetaka. Katika jaa la Mtoni, Dar es Salaam, hewa hiyo ilitegwa kwa mabomba na kuchomwa kwa ushirikiano wa mamlaka ya jiji na kampuni ya Kiitalia, chini ya taratibu za Itifaki ya Kyoto. Pale kazi ni kukamata kinachotoroka. Zizini kazi ni kuzalisha na kutotorosha.

Nikirudi kwenye kile kifuniko cha kutu: nacho kilikuwa na safari yake. Wahindi ndio waliokuza mtambo wenye kifuniko cha chuma kinachoelea juu ya tope la samadi. Gesi ikiongezeka kifuniko hupanda, ikitumika hushuka, na mama wa nyumba huona kwa macho akiba aliyo nayo. Shirika letu la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilianza kujenga mitambo ya namna hiyo hapa nchini mwaka 1975. Ulikuwa mwanzo mzuri. Ila chuma ni ghali, hutaka kupakwa rangi kila mara, na tope la samadi hulila. Wachina kwa upande wao walikuwa wamejenga mitambo isiyo na kifuniko cha chuma: kuba ya matofali na saruji iliyofukiwa ardhini. Haina cha kushika kutu, lakini kuba ikipata ufa, gesi yote hutoroka bila mtu kuona.

Mwaka 1983 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, ambacho kazi yake ni zana za kilimo na ufundi wa vijijini, kilianza kushirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ katika jambo hili. Mafundi hao waliichukua kuba, wakaipa umbo la nusu ya mpira, na katika ukuta wake wakaweka pete maalumu inayotenga sehemu ya chini na sehemu ya juu inayotunza gesi. Ufa unaoanzia chini ukifika kwenye pete hiyo hukoma. Watoto wataelewa upesi ukiwaonyesha nguo: mpasuko hukimbia katika kitambaa mpaka ukutane na mshono, na hapo husimama. Muundo huo uliosahihishwa Arusha umetumika baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa mitambo ya nyumbani, uliosimamiwa na CAMARTEC kwa msaada wa Uholanzi kupitia mashirika ya Hivos na SNV. Kenya, Uganda, Ethiopia na Burkina Faso zilikuwa na mipango kama huo katika ushirika uleule.

Hadithi hiyo hufundishika vizuri Tabora kuliko mahali pengi. Mtoto wa hapa huiona kila siku miembe iliyokuja na misafara ya Bagamoyo na Ujiji, naye anajua kwamba mgeni akipanda mti akaondoka, mti hubaki kwa yule anayeumwagilia maji. Ushirikiano wa mataifa katika jambo hili haukuwa kupokea kitu kilichokamilika. Ulikuwa kupokea, kukuta kasoro, na kusahihisha. Mwulize mwanafunzi: nini kilisahihishwa, na nani aliyegundua kwamba kilihitaji kusahihishwa?

Sababu ya pili iliyoua mitambo mingi ni njaa, na hapa somo la Hisabati linaingia. Ng'ombe anayelishwa bandani mchana na usiku hutoa kiasi cha kilo 10 za samadi kwa siku. Arusha na Kilimanjaro wafugaji wengi wana ng'ombe wachache wa bandani, na ndiyo sababu moja mtambo ulishika mizizi huko. Ng'ombe wetu wa Unyamwezi hushinda malishoni. Kinachopatikana zizini asubuhi ni samadi ya usiku tu, tukadirie kilo 5. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Familia inayopika chakula cha siku huhitaji si chini ya lita 1,000. Waache wanafunzi wagawe wenyewe: kilo 25 kila siku, yaani samadi ya ng'ombe watano, pamoja na lita 25 za maji, kwa kuwa samadi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa. Kisha uliza: Agosti na Septemba, visima vikiwa vimepungua, nani atayateka maji hayo? Jibu mara nyingi ni yule msichana aliyenyoosha mkono. Maji ya Ziwa Viktoria yaliyofikishwa Tabora kwa mkopo wa India yamepunguza shida hiyo pale mabomba yalipofika. Pasipofikiwa, hesabu hubaki ileile.

Shule ile, bila shaka, haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Je, shule isiyo na ng'ombe haina njia? Nchini Rwanda, chuo cha sayansi na ufundi cha Kigali, KIST, kilijenga mitambo mikubwa katika magereza inayotumia kinyesi cha wafungwa wenyewe kupikia, nacho kikapata tuzo ya Ashden mwaka 2005. Penye watu wengi wanaolala mahali pamoja, kama shule za bweni, jambo hilo linafaa kufikiriwa. Kwa shule ya kutwa nina mashaka. Vilevile mwalimu asiahidi kwamba gesi hii itakausha tumbaku ya Urambo au Sikonge. Mabani yale hutaka joto jingi kwa siku nyingi mfululizo, na mwisho wa misitu ya miombo hautazuiwa na mazizi peke yake.

Mwanafunzi akishaelewa zizi, mpeleke sasa mbali, lakini kwa njia anayoijua. Chora ramani ya barabara ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kutazama mto Ruzizi unaelekea wapi, wakakuta unaingia ziwani. Kisha walikuja Tabora, kwenye tembe la Kwihara ambalo wanafunzi wako wanaweza kulizuru. Maji ya Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Chini ya ziwa hilo, lenye kina cha meta 485, imeyeyuka methani inayokadiriwa kuwa meta za ujazo bilioni 60, pamoja na hewa ya kaboni nyingi zaidi.

Fungua chupa ya soda mbele ya darasa. Mgandamizo ukipungua, mapovu hutoka. Ndivyo methani ya Kivu inavyovunwa: bomba hushushwa kilindini, maji hupanda, mgandamizo hupungua, gesi hujitenga. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona uliupatia nishati kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mwaka 2016 kituo cha KivuWatt kilianza kutoa umeme wa megawati 26. Ziwa ni moja na mwambao una wenyewe wawili. Ndiyo maana Rwanda na Zaire zilitia saini mapatano ya pamoja mwaka 1975. Mmoja akirudisha maji yaliyotumika katika kina kisichofaa, anaweza kuvuruga tabaka zinazoishikilia gesi ya wote. Hatari si ya kubuni: tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya kaboni ilifumuka kutoka Ziwa Nyos la Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja.

Mwisho, kuhusu zoezi la vitendo. Wiki tatu kabla ya kipindi, jaza samadi mbichi na maji kwa kipimo sawa katika chupa mbili za plastiki, kila moja hadi theluthi mbili, ufunge mdomoni puto, kamwe si kizibo, maana chupa yaweza kupasuka. Moja iwekwe mahali pa joto, nyingine kivulini penye baridi, na wanafunzi waandike kila asubuhi wanachokiona. Puto litaanza kujaa siku za mwanzo, na hapo mwanachuo hushangilia mapema mno: hewa ya kwanza ni ya kaboni zaidi, wala haiwaki. Methani huchelewa. Usiiwashe darasani kwa hali yoyote. Ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Kama upo mtambo unaofanya kazi jirani, wapeleke watoto wakauone moto wake jikoni. Kama upo uliokufa, wapeleke kwanza huo, wakiwa na daftari, kamba ya kupimia na swali la yule msichana.