Je, Wajua? Taa Nane za Clannad

Sogea kidogo, benchi litutoshe. Je, wajua kwamba anime inayotajwa kila unapozuka ubishi wa "ipi ilikuliza zaidi" ilianza kama mchezo wa kompyuta usio na kukimbia, usio na risasi, usio hata na kuruka? Jina lake Clannad, na ulitoka Japani tarehe 28 Aprili 2004. Humo kazi yako ni kusoma. Mara mojamoja unaulizwa uchague la kufanya, kisha unaendelea kusoma.

Nakuonya mapema: kama hujaitazama na hutaki mtu akumwagie siri, hama benchi sasa hivi. Bado upo? Haya.

Je, wajua kwamba waliotengeneza mchezo huo, kundi linaloitwa Key, walikuwa wameanza na michezo ya watu wazima? Kanon ya 1999 na Air ya 2000 ziliuzwa kwanza kwa wakubwa tu. Clannad ikawa ya rika zote tangu siku ya kwanza, na ndiyo iliyozidi kuwaliza wakubwa!

Na mwandishi wake mkuu, Jun Maeda, ndiye huyohuyo mmoja wa watunzi wa nyimbo zake. Mtu mmoja anakuandikia msiba, halafu anakutungia na wimbo wa kuulilia. Ukatili gani huo?

Je, wajua kwamba studio iliyoupeleka mchezo huu kwenye runinga, Kyoto Animation, ilianza mwaka 1981 kwa mikono ya akina mama wa nyumbani? Yoko Hatta aliwakusanya majirani zake, wakawa wanapaka rangi michoro ya studio nyingine. Kufikia Clannad, studio hiyo ilikuwa imeshazimaliza Air (2005) na Kanon (2006), zote za Key. Mwongozaji wa zote tatu ni mtu mmoja, Tatsuya Ishihara.

Hesabu nayo hii. Msimu wa kwanza ulirushwa kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2008, sehemu 23. Msimu wa pili, Clannad After Story, ukaanza Oktoba 2008 ukaisha Machi 2009, sehemu 24. Weka juu yake sehemu 2 zilizotoka kwenye DVD peke yake, unapata 49. Tangu mchezo utoke hadi machozi ya mwisho ya runinga ilipita karibu miaka 5, na miaka 5 ndiyo umri wa Ushio, mtoto aliyewamaliza watazamaji wote. Sisemi ilipangwa. Nasema tu, hesabu hiyo!

Sasa shika hapa. Je, wajua kwamba siri kubwa ya msimu wa pili ilishavuja kabla hata msimu wa kwanza haujaanza? Tarehe 15 Septemba 2007 studio nyingine, Toei, ilitoa filamu ya Clannad iliyoongozwa na mkongwe Osamu Dezaki. Ndani ya filamu hiyo moja Nagisa, mpenzi wa mhusika mkuu Tomoya, anaolewa, anajifungua na anafariki. Sehemu ya kwanza ya runinga ilirushwa tarehe 4 Oktoba. Siku 19 tu! Aliyetoka sinema akiwa na macho mekundu alikaa sebuleni anamtazama Nagisa akipanda mteremko wa shule kwa mara ya kwanza, na yeye ameshamzika.

Je, wajua kwamba kwenye mchezo huwezi kuanza na After Story hata ukitaka? Mchezo una awamu mbili, maisha ya shule na maisha ya baadaye, yaani After Story. Kila unapomaliza vizuri hadithi ya mhusika mmoja unapewa taa. Zikitimia 8, mlango wa maisha ya baadaye unafunguka. Pungukiwa moja, utakaa nje. Unarudi mwanzo, unachagua njia nyingine, unasoma upya, mara hii na msichana mwingine, mara ile na jamaa wa bwenini. Makumi ya saa.

Umeshaona shida ya anime? Mtazamaji hachagui kitu. Tomoya wa runinga ni kijana mmoja mwenye maisha mamoja, na hawezi kuwapenda wasichana wote kwa zamu bila kutupiwa viatu. Mwandishi aliyepanga hadithi ya misimu yote miwili, Fumihiko Shimo, alikuwa kama dereva wa daladala aliyeambiwa apitie vituo vya njia zote kwa safari moja, abiria wasishuke wala wasigombane.

Unajua alifanyaje? Mapenzi akayageuza urafiki! Fuko, Kotomi na Tomoyo kila mmoja ana njia yake kwenye mchezo. Kwenye anime Tomoya anawasaidia wote, lakini moyo anaupeleka kwa Nagisa peke yake. Bado Tomoyo na msichana mwenzao Kyou hawakuachwa mikono mitupu, kwani zile sehemu 2 za DVD ni zao, moja moja, kila moja ikionyesha dunia nyingine ambamo yeye ndiye aliyempata. Mashabiki wa Kyou walishukuru kwa kelele, na nawaelewa kabisa.

Haya sasa, hii wengi hawaijui. Je, wajua kwamba karibu theluthi moja ya msimu wa After Story haitoki kwenye After Story ya mchezo? Kati ya sehemu 22 za hadithi yenyewe, 8 za mwanzo ni mchezo wa besiboli, mkasa wa Sunohara, rafiki wa Tomoya, na mdogo wake Mei, hadithi ya Misae, mlezi wa bweni, na ya Yukine, mwanafunzi mwenzao. Misae, Yukine na akina Sunohara wametolewa awamu ya shule! Msimu wa kwanza ulikosa nafasi, wakasogezwa mbele. Wapo wanaolalamika kwamba zinachelewesha safari. Mimi nasema ziacheni hapohapo. Bila huo mwezi na zaidi wa kucheka na kuzurura, usingemjua Tomoya kiasi cha kumwonea uchungu anapoanza kuamka alfajiri kwenda kazini.

Na kazi yenyewe unaijua? Fundi umeme! Shujaa wa anime anakaza skrubu kwenye taa za barabarani, anakosea, anarudia, anafika nyumbani hawezi hata kushika kijiko. Bega lake la kulia lilishaumia kwa ugomvi na baba yake, mkono haupandi juu. Fundi anayemfundisha, Yoshino, zamani alikuwa mwanamuziki. Ni anime ngapi za shule zimewahi kukuonyesha mshahara wa kwanza?

Je, wajua kwamba kwenye mchezo Tomoya hana sauti? Toleo la kwanza halikuwa na sauti ya mtu yeyote. Mwaka 2006, la PlayStation 2 likawapa wengine waigizaji, ila yeye akabaki kimya, maana Tomoya ni wewe unayesoma. Runinga haina namna hiyo, mtu lazima aongee. Filamu ikamchukua Kenji Nojima, anime ikamchukua Yuichi Nakamura.

Nakamura hujamkumbuka? Ndiye sauti ya Gojo wa Jujutsu Kaisen! Yule mwenye kitambaa machoni anayemdhihaki kila adui ndiye huyu anayelia ndani ya treni na binti yake. Na Akio, baba mkwe mwenye kelele na duka la mikate, ni Ryotaro Okiayu, yaani Byakuya wa Bleach, mtu asiyecheka hata kidogo. Ushio je? Satomi Koorogi, sauti ya Togepi wa Pokémon.

Tukaribie hiyo treni sasa. Sehemu ya 18. Tomoya ameishi miaka 5 akimwachia babu na bibi wamlee mtoto wake. Wamesafiri wawili, Ushio amepoteza mwanasesere wa roboti katikati ya bustani ya maua, na anakataa kununuliwa mwingine kwa sababu ule ndio wa kwanza baba yake kumchagulia. Baadaye, ndani ya behewa, anauliza kama anaruhusiwa kulia sasa. Bibi yake Sanae alimwambia mahali pa kulilia ni pawili tu: chooni, au kifuani kwa baba.

Kwenye mchezo yote hayo unayapata kwa maandishi, picha za wahusika zikiwa karibu hazisogei. Kyoto Animation waliongeza mwendo tu: mabega ya mtoto, mkono wa baba unaositasita kabla ya kumkumbatia. Hadithi haikubadilishwa! Kama unatafuta mahali ambapo anime iliupita mchezo, ni hapa, na mwenye kubisha aje tubishane.

Je, wajua kwamba Nagisa na mji wake wanaumwa pamoja? Alipokuwa mdogo alikaribia kufa, Akio akambeba hadi kwenye miti fulani akamwomba arudi, akarudi. Miaka baadaye mahali hapohapo panajengwa hospitali. Kila miti inapokatwa, afya yake inayumba. Siku ya kujifungua theluji inaanguka, na mtoto anazaliwa nyumbani.

Tufike kwenye ugomvi mkubwa. Mwishoni kila kitu kinarudi nyuma, Nagisa anapona, Ushio anakua na mama. Mtazamaji wa runinga anashika kichwa: muujiza huu umetoka wapi? Aliyecheza haulizi. Taa zile alizitafuta mwenyewe, moja moja, kwa kila mtu aliyemsaidia mjini, na zikitimia ndipo mwisho mwema unapofunguka. Analipwa deni lake! Kwenye anime taa zipo, zinapeperuka kwenye skrini, nzuri sana, lakini hakuna jasho lako ndani yake. After Story ilihamisha machozi yote salama salimini. Kilichoanguka njiani ni jasho hilo.

Nyimbo nazo zilihama. Wimbo wa kufungulia mchezo ukawa wa kufungulia msimu wa kwanza, umepangwa upya kidogo. Ule wa dango, vile vidonge vya unga wa mchele anavyovipenda Nagisa, ukawa wa kufungia msimu huohuo. Na wimbo wa kumalizia mchezo wenyewe ulihifadhiwa msimu mzima, ukapigwa sehemu ya 22 ya After Story. Subira ya ajabu!

Mikate ya Sanae ilihama pia. Wa senbei, biskuti za mchele, ndani, wa rangi za upinde wa mvua, hakuna mnunuzi. Akio akiikandia, mkewe anakimbia analia, naye anajaza mdomo mikate hiyohiyo anamfukuza barabarani akipiga kelele kwamba anaipenda.

Ulinganishe kidogo na michezo mingine ya kusoma iliyogeuzwa anime. Fate/stay night nayo ilitoka 2004, na ina njia 3 tu. Ya mwisho ilimalizika kwenye skrini mwaka 2020, kwa filamu 3 peke yake! Steins;Gate walitumia mbinu nyingine: Desemba 2015, anime ya 2011 ikirudiwa, sehemu ya 23 ikabadilishwa shujaa akashindwa. Hiyo ndiyo ikafungua njia ya Steins;Gate 0.

Na Tomoyo, je? Key walimpa mchezo wake kamili, Tomoyo After, Novemba 2005. Anime yake mpaka leo hakuna. Mashabiki wake wana haki ya kununa.

La mwisho nikuache uende. Clannad ilichukua zaidi ya miaka 11 kutoka rasmi kwa Kiingereza, Novemba 2015. Mwaka mmoja kabla ulifanyika mchango mtandaoni, lengo likiwa dola 140,000. Zikaingia zaidi ya dola 540,000! Wapo waliotoa ambao walishaitazama anime yote, wanajua nani anakufa na nani anarudi, na bado walilipa ili wakazitafute taa wenyewe.