Kabla Hujasema Kadi ya Mtandao Imeungua

Mvua zikianza Kanda ya Ziwa, mafundi wa Kahama, Katoro na Geita mjini huletewa kompyuta inayowaka vizuri lakini haishiki mtandao. Mwenye steshenari huja na hukumu mkononi: kadi imeungua, nibadilishie. Pengine kweli, ila ushahidi kwanza.

Anzia nyuma ya mashine, si kwenye skrini. Kwenye tundu la waya wa mtandao kuna kitaa kimoja au viwili. Kikiwaka, kadi na swichi zinasikilizana, na tatizo litafutwe kwenye mipangilio. Kisipowaka, hamishia waya tundu jingine la swichi, kisha weka waya mwingine ulio mzima. Penye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi la mawe hujikusanya juu ya zile pini nane. Zima mashine, lisugue kwa brashi laini iliyo kavu. Pima na urefu pia: waya wa shaba una kikomo cha mita 100, na waliovuta kutoka ofisini hadi getini pa plenti ya kuchenjulia dhahabu mara nyingi wamekivuka bila kujua.

Kitaa kinawaka, ila anwani ya kompyuta inaanza na 169.254? Basi mashine imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Itazame ruta. Wengine hupima kadi kwa kuiita (ping) anwani 127.0.0.1, wakijibiwa wanasema kadi nzima. Hapana. Mwito huo hautoki nje ya programu. Kadi haiguswi kabisa.

Kama tatizo limeanza baada ya fundi kupiga Windows mpya, kadi haina kosa: imekosa draiva. Fungua orodha ya vifaa, tafuta chenye alama ya njano, kisha soma namba zake. VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel. Chomeka simu kwa waya wa USB, tumia bando lake kupakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta.

Na kadi isipoonekana kabisa kwenye orodha, hakikisha haijazimwa kwenye BIOS. Kisha chomoa umeme, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, urudishe umeme. Inaonekana kama uganga, lakini ina sababu: kompyuta ikizimwa, kadi nyingi hubaki na umeme kidogo ili ziweze kuiamsha mashine kupitia mtandao. Chipu iliyoganda haipumziki mpaka umeme huo uishe.

Kuzima si kuchomoa, na hapo ndipo radi inapowapata watu. Wanazima kompyuta na kuacha waya ulioshuka kutoka antena ya juu ya bati. Ndani ya tundu la mtandao mna transfoma ndogo ya kutenganisha umeme, ambayo kiwango chake cha kawaida ni volti 1,500. Radi haiulizi kiwango hicho. Wingu likitanda, chomoa nyaya zote mbili, wa umeme na wa mtandao.

Kadi ikiwa imekufa kweli, usibadilishe bodi nzima. Kompyuta ya mezani itapokea kadi ya kuchomeka ndani. Laptopu itumie adapta ya USB. Ila ukiifunga na kitaa bado hakiwaki, jaribu tundu jingine la swichi kabla hujairudisha dukani, maana radi iliyopita kwenye waya huenda iliunguza ncha zote mbili.