Kadi ya dola 50 inunuliwe kwa 60, kuna nini?

Mwaka jana shangazi yangu aliyeko Marekani alinitumia kadi ya zawadi ya Apple ya dola 50. Mimi simu yangu Android, kadi ya nini? Nikaamua kuipiga bei, nipunguze deni la kodi ya chumba. Jamaa mmoja akanipigia: atanipa dola 60, kwa pesa za madafu. Jamani! Nani mwenye akili timamu ananunua 50 kwa 60?

Nikauliza wajuzi. Kumbe, msomaji wangu, ni yale yale ya vocha ya simu. Enzi zile za kukwangua, usiku maduka yakishafungwa, vocha ya 500 uliinunua 600 na asante ukatoa. Ulichonunua ni nafasi ya kupiga simu usiku uleule.

Kadi nayo ndivyo. Kadi ya Apple iliyonunuliwa Marekani inakubali kwenye akaunti ya Marekani tu. Kijana wa Bongo aliyefungua akaunti ya kule ili apate gemu asiloliona huku, kadi yake ya benki ya hapa inagoma. Kimbilio lake ni hiyo ya zawadi, nayo huku ni ya kutafuta kwa tochi. Kitu kikiadimika, bei inapanda. Hata Marekani kwenyewe, kadi za zawadi za Visa dukani huongezewa ada ya dola kadhaa juu ya thamani yake, na watu wanalipa, maana zinatumika karibu kila mahali hata kama huna akaunti benki.

Hizo ni sababu safi. Ipo na chafu. Ukishamtajia mtu namba za siri, kadi imeondoka, hairudi. Sasa tapeli anayelipa pesa ya wizi, au asiyelipa kabisa, bei inamuuma nini? Hata ungesema 80 angekubali.

Hilo nililijua kwa machungu. Meseji ya "umepokea" iliingia, nami kwa furaha nikamsomea namba zote. Kuangalia salio, patupu! Meseji ilikuwa feki. Shangazi alipopiga kuuliza nimenunua nini, nikasingizia mtandao unakatika. Mwenye nyumba yeye hakusingiziwa kitu, alikuwa mlangoni.

Kwa hiyo kaka na dada, anayekuongezea bei muulize sababu, na salio liangalie kabla hujakwangua. Mjini shule, ada yangu nimeshalipa.