Alama Nne: Mbio za Pikipiki za Vijana na Hesabu ya Karantini

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo imfikishayo mwalimu kituoni kwake, ndiyo ishushayo ndizi kutoka vilimani hadi sokoni, na mara nyingi ndiyo imbebayo mgonjwa kutoka kijijini hadi zahanati. Mwanafunzi atakayesimama katika njia panda ya Nyakanazi au ya Lusahunga ataziona zikipita kwa makumi, katikati ya malori yaendayo Rusumo na Kabanga. Wengi wa wanafunzi hao wanaijua sauti ya injini yake kuliko wanavyoijua kanuni inayoiendesha.

Injini ya namna hiyohiyo, yenye silinda moja na mapigo manne, hutumika pia katika mashindano ya dunia ya mbio za barabara, katika daraja la vijana liitwalo Moto3. Jina hilo halitokani na moto wa Kiswahili, bali ni kifupisho cha neno la Kizungu la pikipiki. Mwaka 2020 kijana mmoja wa Kitaliano alilikosa taji la daraja hilo kwa alama nne tu, baada ya kuzuiwa kushindana duru moja kwa sababu ya ugonjwa ambao kipimo kilionyesha hana. Je, kijana huyo alidhulumiwa? Swali hili lastahili kujibiwa kwa makini, maana Januari 2025 swali la jamii hiyohiyo lilibisha hodi Biharamulo.

MASHINE YA SILINDA MOJA

Injini ya mapigo manne hufanya kazi nne kwa zamu: huvuta hewa na petroli, hukandamiza mchanganyiko huo, huuwasha ili nguvu yake iisukume pistoni, kisha hutoa moshi. Kazi hizo nne hukamilika katika mizunguko miwili ya mtaimbo, kwa hiyo cheche hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili.

Pikipiki nyingi za abiria katika nchi yetu zina injini za ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150. Injini ya Moto3 ina ujazo wa 250, wala si kubwa mno kuzishinda hizo. Tofauti kubwa imo katika kasi ya mzunguko. Kanuni za mwaka 2020 ziliiruhusu kufika mizunguko 13,500 kwa dakika, yaani 225 kwa sekunde, na hivyo cheche zaidi ya 112 katika kila sekunde moja. Injini ya bodaboda inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa cheche 50 kwa sekunde. Kila cheche ni sukumizo moja; sukumizo zikiwa nyingi zaidi kwa sekunde, nguvu nayo huzidi.

Kanuni za daraja hili zimekusudiwa kuwasawazisha washindani. Ujazo wa injini ni mmoja, kipenyo cha silinda kina kikomo cha milimita 81, na uzito wa pikipiki pamoja na mpandaji wake haupungui kilo 152. Zaidi ya hayo, hewa yenyewe huwafunga pamoja. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiongezeka mara nne, kutoka kilometa 60 kwa saa hadi 240, ukinzani huongezeka mara 16. Kwa hiyo mpandaji anayemfuata mwenzake kwa karibu sana hukuta hewa imekwisha kupasuliwa, naye huweza kumfikia hata kama injini yake ni dhaifu kidogo. Ndiyo maana katika Moto3 vijana kumi au kumi na watano huvuka mstari wa mwisho wakiwa kundi moja, na mshindi hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Pale ambapo washindani wamelingana kiasi hicho, jambo dogo laweza kugeuza matokeo ya mwaka mzima.

MSIMU ULIOKATIKA

Msimu wa 2020 ulianza tarehe 8 Machi huko Losail, nchini Qatar, na ulianza kwa mkasa. Serikali ya Qatar ilikuwa imeagiza kwamba wasafiri waliotoka Italia watengwe kwa siku 14. Daraja kuu, MotoGP, lenye wapandaji na mafundi wengi wa Kitaliano, likafutiwa mashindano yake. Vijana wa Moto3 walishindana kwa sababu moja tu: walikuwa wamekwisha kuwasili kwa majaribio kabla ya amri hiyo kutolewa. Mhispania Albert Arenas akashinda.

Baada ya hapo kukawa kimya kwa siku 133. Ni siku ambazo walimu wa Tanzania wanazikumbuka vema. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, siku iliyofuata ikatolewa amri ya kufunga shule, na wanafunzi wa madarasa mengi hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Mashindano ya vijana wa pikipiki yalirejea tarehe 19 Julai huko Jerez, Hispania. Ratiba ya awali ya kuzunguka mabara ilitupwa; duru 14 zilizobaki zikabanwa katika Jumapili 19, zote Ulaya, na mara kadhaa katika njia ileile wiki mbili mfululizo, ili watu wasafiri kidogo.

Tarehe 11 Oktoba vijana hao walishindana Le Mans, Ufaransa. Miongoni mwao alikuwamo Tony Arbolino, Mtaliano wa miaka 20, aliyekuwa mmoja wa wanaowania taji. Aliondoka Ufaransa kwa ndege, na baadaye ikagundulika kwamba ndani ya ndege hiyo alikuwamo mtu mwenye virusi vya Korona. Arbolino alipimwa, asionekane na virusi. Hata hivyo kanuni ya Hispania wakati huo iliwataka waliokuwa karibu na mgonjwa wajitenge kwa siku 10, naye hakuruhusiwa kushindana Aragón tarehe 18 Oktoba.

Msimu ulipokwisha tarehe 22 Novemba huko Portimão, Ureno, Arenas alikuwa na alama 174. Arbolino na Mjapani Ai Ogura walikuwa na 170 kila mmoja.

HESABU YA "LAU"

Mshindi wa duru hupata alama 25, wa pili 20, wa tatu 16, na kadhalika hadi mtu wa 15 apatapo alama moja. Mtu wa 11 hupata alama tano, na wa 12 alama nne. Kwa hesabu ya harakaharaka, lau Arbolino angemaliza wa 11 tu huko Aragón, angefikisha alama 175 na kuwa bingwa wa dunia. Nafasi ya 12 isingetosha, maana kwa alama sawa hutazamwa idadi ya ushindi, na Arenas alishinda duru tatu hali Arbolino alishinda moja.

Lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuitilia shaka hesabu hiyo. Arbolino angekuwamo mashindanoni, washindani wengine nao wangesogezwa nafasi, na huenda Arenas angepata pungufu au zaidi. Huenda pia Arbolino angeanguka. Jambo moja likibadilishwa, mengine hayabaki kama yalivyokuwa. Lisemekalo kwa hakika ni hili tu: alinyimwa nafasi ya kujaribu, na mwishowe alipungukiwa na alama nne.

KWA NINI MZIMA ATENGWE?

Virusi viingiapo mwilini havileti homa siku hiyohiyo. Huwa ni vichache, hujificha, huongezeka. Muda kati ya kuambukizwa na kuona dalili huitwa kipindi cha kuatamia. Kwa Korona ya mwaka 2020 kipindi hicho kilikuwa wastani wa siku tano, na wengi wa walioambukizwa waliona dalili kabla ya siku ya 12. Kipimo kinachofanywa katika siku za mwanzo chaweza kukosa virusi kwa sababu bado ni haba mno. Basi kipimo kisemapo "hakuna", maana yake hasa ni "havijaonekana leo". Hakitoi ahadi ya kesho.

Tena Korona ina hila nyingine: mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kuhisi chochote. Ukingoja hadi mtu aanze kukohoa, umechelewa. Hiyo ndiyo sababu ya kumtenga mtu ambaye hadi sasa ni mzima.

Faida yake huonekana kwa hesabu rahisi. Tuseme kila mgonjwa huambukiza watu wawili katika siku tano. Mgonjwa mmoja huzaa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Baada ya siku 30, yaani vizazi sita, kizazi cha sita peke yake kina watu 64. Sasa tuseme nusu ya walioambukizwa hutengwa mapema, wasimwambukize mtu. Kila mgonjwa huzaa mmoja tu mwenye kuendelea, na baada ya siku 30 kizazi hakizidi wagonjwa wawili. Miongoni mwa waliotengwa watakuwamo wengi ambao hawakuwa na ugonjwa kamwe. Hao ndio walipaji wa gharama. Arbolino alikuwa mmoja wao.

KUTOKA RUSUMO HADI BIHARAMULO

Wakazi wa Ngara waliiona hesabu hiyo mlangoni mwao. Mwishoni mwa Aprili 2020 Rwanda, ikiwa imegundua wagonjwa miongoni mwa madereva wa malori, iliagiza mizigo ibadilishwe madereva ifikapo daraja la Rusumo. Madereva wa Tanzania walilalamika, na mwezi Mei nchi hizo mbili zikakaa kutafuta suluhu. Kila upande ulikuwa na haja ya kweli: mmoja kuzuia ugonjwa, mwingine kulinda riziki na mali.

Miaka mitano baadaye zamu ikawa ya Biharamulo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba homa ya Marburg imethibitishwa wilayani humo. Mkoa wa Kagera ulikwisha kuijua homa hiyo mwaka 2023, ilipowaua watu sita katika Wilaya ya Bukoba. Safari hii walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walifariki.

Hapa yafaa wanafunzi walinganishe magonjwa mawili. Marburg huua sehemu kubwa zaidi ya inaowashika, lakini husambaa kwa kugusana na damu au majimaji ya mgonjwa, na kwa kawaida mtu hawaambukizi wengine kabla ya dalili kuanza. Kipindi chake cha kuatamia ni kati ya siku mbili na 21. Kwa hiyo aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kila siku kwa siku 21, akipimwa joto na kutakiwa asisafiri mbali. Homa ikitokea, hutengwa papo hapo. Biharamulo watu zaidi ya 250 waliandikwa na kufuatiliwa namna hiyo. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Siku 42 ni mara mbili ya 21: kipindi kirefu kabisa cha kuatamia, kikirudiwa kwa tahadhari.

DENI LA JAMII

Sasa turudi kwa bodaboda. Tuchukue mfano wa kijana ambaye usiku mmoja anambeba mgonjwa mwenye homa kali, mgonjwa akiwa amemwegemea mgongoni kilometa nyingi za barabara ya vumbi. Mgonjwa huyo akithibitika kuwa na Marburg, kijana anaandikwa katika orodha, na wilaya nzima inamtegemea aseme kweli na akae karibu. Lakini siku 21 bila kubeba abiria ni siku 21 bila mapato, na huenda pikipiki yenyewe ni ya mtu mwingine anayedai hesabu yake kila jioni. Akificha safari ile kwa kuogopa njaa, mnyororo wa ugonjwa utaendelea gizani.

Kwa hiyo karantini haiwezi kufanikiwa kwa sayansi ya virusi peke yake. Atengwaye kwa faida ya wote anawakopesha wote, na mkopo huo hulipwa kwa chakula, kwa mawasiliano ya kila siku, kwa kulindiwa kazi yake, na kwa kutonyoshewa kidole siku zake zikiisha. Arbolino hakulipwa alama zake, lakini wiki iliyofuata alirudi barabarani, na tarehe 15 Novemba huko Valencia akashinda. Njia yake ya kurudi ilikuwa wazi. Njia hiyo ndiyo impasayo kila aliyetengwa.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake mfano ule wa vizazi sita na kuwauliza: ikiwa ni robo tu ya walioambukizwa wanaotengwa mapema, kizazi cha sita kitakuwa na watu wangapi? Jibu hupatikana kwa kukipandisha 1.5 hadi kipeo cha sita, nalo ni kama 11, badala ya 64. Mwalimu wa fizikia naye anaweza kuwatuma kuhesabu cheche za injini ya pikipiki ipitayo mbele ya shule. Wakimaliza, na waulizane swali la tatu, ambalo halina jibu moja: kijijini kwao, mtu akiombwa kukaa nyumbani siku 21, ni nani atakayempelekea chakula siku ya kwanza?