Mwanafunzi wa Udaktari Naye Aulizwe



Mnawajua wale vijana wa koti jeupe. Wanashuka kwa gari, wanapita boma kwa boma na fomu, wanauliza kama choo kina mfuniko, na jioni wanarudi chuoni.

Miaka iliyopita nilizunguka na kundi moja hapa kwetu Ekerenyo. Chuo chao sitakitaja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, na kina mama wote walikuwa wakichuma majani chai. Tulikuta watoto na wazee tu. Katika nyumba moja alilala mtoto mwenye homa kali. Fomu haikuwa na swali la homa! Msichana mmoja wa kundi hilo aliweka fomu chini, akambeba mtoto hadi kituo cha afya. Jioni aligombezwa kwa sababu hakumaliza idadi ya nyumba. Aliniambia, "Mama, ratiba hii iliandikwa na mtu asiyejua chai."

Alisema kweli. Tena milima hii yetu hupata malaria kwa milipuko, hasa baada ya mvua ya masika, si mwaka mzima kama kule ziwani. Yeye alikuwa ameyaona hayo kwa macho, lakini hakuna aliyemuuliza.

Wako waliojaribu njia nyingine. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990. Mafunzo yake ya vijijini, yanayoitwa COBES, yalipangwa kwa hatua tano. Kwanza mwanafunzi anaijua jamii. Halafu anaipima hali ya jamii nzima, kama vile daktari anavyompima mgonjwa mmoja. Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda: anaandika mpango wa utafiti. Katika ya nne anarudi kuutekeleza. Ya mwisho ni kazi katika huduma za afya za wilaya, kama zilivyoitwa wakati huo. Makerere, kule Uganda, nao walianza mafunzo ya namna hiyo mwaka 2003.

Tusidanganyane, hatua hizo ziliwekwa na walimu. Lakini kijana anayeandika mpango, kisha anautembeza mwenyewe kwa miguu matopeni, anagundua upesi swali lipi halifai na saa gani watu hawako nyumbani. Habari hiyo ikifika kwa mwalimu, kundi linalofuata litakuja saa nane, chai ikiwa imeshapelekwa kituoni.

Na sisi tuna kazi. Wakija, mwenyekiti awaulize: maswali haya yamechaguliwa na nani? Je, mnaweza kubadilisha saa? Kabla hawajaondoka, waketi na kikundi nusu saa, waseme wangebadilisha nini, nasi tuseme yetu. Katibu aandike nakala mbili. Moja ibaki katika daftari la kikundi, nyingine mwanafunzi ampelekee mwalimu wake. Mwaka ujao wakija wengine, daftari lifunguliwe mbele yao.